Stendi nzuri kwenye mchoro, je abiria?

Mhariri, nimeipitia makala yenu ya kushindanisha michoro ya stendi kuu za mijini, nina neno moja tu. Mmesifia sana sura ya majengo, ila cheki San Francisco, Marekani, 2007, timu 3 zilileta michoro ya stendi kuu ya Transbay, msanifu Richard Rogers alikuwepo, kampuni ya usanifu ya SOM walikuwepo, ila walioshinda ni wasanifu Pelli Clarke Pelli na kampuni ya ujenzi wa majengo ya Hines, waliokuja na bustani ya ekari 5.4 juu ya paa pamoja na ofa ya dola milioni 350 za kununua kiwanja, hapo nani angekataa? (Bustani yenyewe kali, sibishi.)

Jengo la stendi likafunguliwa Agosti 2018, wiki kama 6 tu likafungwa, boriti za chuma zimekutwa na nyufa. Na chini kuna nafasi ya treni ila treni hamna, abiria wa Caltrain, treni ya abiria ya huko, anashukia kama kilomita 2 kutoka hapo. Kwa hiyo kamati zikikaa kulinganisha michoro, maksi za kwanza ziangalie mtu anatembea hatua ngapi kubadili gari, na hela ya kuleta treni ipo kweli ama ni picha tu. Na michoro ibandikwe stendi, wapanda basi waione, isifungiwe ofisini.

Msomaji wenu, Temeke, Dar es Salaam