Kwa makanga na madereva wa Kongowea: tusi la nguoni humvua nani?

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu aleikum kwa wenye kuitikia, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni yule nyanya wa buibui na kikapu cha ukili anayepanda matatu hapo Kongowea, Mombasa, kila Jumanne na Ijumaa akitoka sokoni. Mwanijua. Hunipa kiti cha mbele kabla sijaomba, na kikapu mwanipakilia bila kunidai nyongeza. Basi siwaandikii watu wasio na adabu. Nawaandikia watu niliowaona kwa macho yangu kuwa wana adabu, na ndiyo maana la Ijumaa iliyopita halijanitoka rohoni.

Wawili wenu walimgombania abiria. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono, na mwenye begi anazungushwa kama pia. Maneno yakapanda, kisha likatoka lile tusi. Silirudii hapa, mwalijua: huanza na kiungo cha mwili na huishia kwa mama. Aliyetukanwa akarudisha la kwake, la mama vilevile. Abiria akajinasua, akaingia kwenye tuktuk akaenda zake. Hamkupigana. Haikupita hata robo saa nikawaona mnakunywa maji chupa moja.

Lakini mama wa mmoja wenu anauza mahamri hatua kumi kutoka pale. Hakuinua uso. Aliuweka mwiko kando ya karai, akaifungua leso aliyojifunga kifuani, akaifunga upya, akaikaza. Kisha akaendelea kupindua mahamri yake. Ile leso haikuwa imelegea. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliona.

Nilipomuuliza mmoja wenu, alinijibu kwa heshima: "Nyanya, hayo ni maneno tu, hatumaanishi. Hapa steji tusi ni kama salamu." Jibu hilo nimekaa nalo siku nne. Si jibu la kijinga, na lina ukweli ndani yake.

Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkunga na kungwi. Kiungo kile mnachokirusha alikitaja kwa jina lake, kama atajavyo goti au kisigino, mbele ya mwari na mbele ya mzazi, na hapakuwa na tusi. Neno lilikuwa safi kwa sababu mkono uliokuwa nyuma yake ulikuwa ukiponya. Tazameni na neno shoga. Mimi na wenzangu twaitana hivyo tangu utotoni, ndiyo rafiki wa mwanamke kwa mwanamke. Leo kijana akilisikia kwa kijana mwenzake, ngumi zinaruka. Herufi ni zilezile.

Kwa hiyo nakubaliana nanyi hapo. Tusi halimo ndani ya neno kama kokwa ndani ya embe. Ila hapo ndipo nami nashika kamba yangu, kwa sababu maneno hayageuki yenyewe. Chukueni nyoko. Mnyarwanda au Mrundi akikwambia hivyo kwa upole amesema "mama yako" tu, maana katika lugha yake ndilo neno lenyewe. Kwetu sisi limebaki tusi tupu, huwezi kumwuliza mtu hali ya mzazi wake kwa neno hilo. Mbona neno baba halikuoza hivyo? Babako pia hutupwa mara mojamoja, lakini halikati. Linalokata ni la mama, na mlilinoa kwa kulitumia.

Halafu sikilizeni matusi yenu mengine, myapange mbele yenu kama sarafu za nauli. Mwanamume akiogopa, aambiwa ni mwanamke. Akilia, analia kama mwanamke. Asiyetimiza wajibu wake, mwanamume suruali, yaani cha kiume kwake ni nguo tu. Mkitaka kumwumiza mwanamume mwamshusha, na ngazi ya chini mnayomshushia ndiyo nilipokaa mimi. Nimesimama hapo tangu nizaliwe, nimezaa watano nikiwa hapo, nimezika mume nikiwa hapo, na sijapaona kuwa pachafu.

Na malaya je? Kiswahili chetu hakina neno la kike na la kiume kwa sarufi, mtu ni mtu. Malaya angeweza kuwa yeyote. Lakini mkitaka kumsema mwanamume, hamna budi kuongeza: "mwanamume malaya". Lisipoongezwa, kila sikio linamwona mwanamke. Na huyo mwanamume mkishamwita hivyo, mnacheka, na yeye anacheka, jioni mwamwita jogoo. Mwanamke akiitwa hivyo steji, hashuki tena hapo. Nawajua wawili wanaoshuka mbele, wakatembea na mizigo juani. (Wanawake wenzangu wanaorushiana neno hilo siwaachi, hao nina barua yao.)

Kijana mmoja mwerevu ataniambia: Nyanya, twamtukana mama kwa sababu mama ni kitu kikubwa. Tungekuwa twamdharau, tusi lisingeuma. Nimelifikiria hilo kuliko yote, kwa kuwa ni kweli. Tusi la nguoni lina nguvu kwa sababu nguo ya mama ni amana. Lakini amana ya nani?

Mwaka 1992, mwishoni mwa Februari, akina mama waliofungiwa wana wao kwa sababu za siasa walikaa Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti na haki, alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na moshi wa machozi, Wangari akapigwa hata akazirai. Wako akina mama, watu wazima wa umri wangu wa leo, waliosimama wakavua nguo zao wenyewe mbele ya wale askari. Wasiojua walidhani ni kichaa. Waliolelewa Afrika walijua ni laana: mama akikuonyesha ulikotoka kwa hasira, hakuna neno zito kupita hilo. Walihamia kanisani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 wana wengi wakatoka. Nguo ilikuwa yao. Waliivua wao, kwa saa waliyoichagua, kwa ajili ya watoto wao.

Sasa mwenzako akikutukana mama, ni nani aliyemvua? Mama hakuulizwa. Hagombani na mtu, anakaanga mahamri. Wewe na mwenzako mnapigana, na ngao mliyoshika ni mwili wake. Mwasema mwamheshimu, lakini ni heshima ya mtu anayepigwa mawe ukuta wake: anayehesabiwa kuumia ni mwenye nyumba, yaani mwana. Mama amekuwa ukuta.

Na ulimi ukizoea kuvua, mikono hujifunza. Novemba 2014, katika steji ya matatu katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo mchana likisema hakuvaa vizuri. Picha zilizunguka nchi nzima. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park, bustani ileile ya akina mama wa 1992. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likaongeza kifungu kwenye Kanuni ya Adhabu: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la kufungwa jela. Sheria imeshika mikono. Ulimi imewaachia ninyi.

Sisemi kwamba kila anayetukana steji atamvua mtu. Nawajua, hamko hivyo. Nasema wale waliomvua yule mwanamke hawakutoka mbinguni. Walitoka steji kama yenu, ambapo kumvua mama wa mtu kwa maneno kulikuwa salamu, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia kitu.

Kutukanana sitawakataza, kazi yenu ni ya jua na haraka na deni la mwenye gari. Mwenzako akikunyang'anya abiria, mwite mwizi. Akidanganya hesabu, mwite mwongo. Akiendesha kama kichaa, mwambie ni kichaa. Hayo yanampata yeye mwenyewe, kwa alilolitenda, na hayapiti kwa mtu mwingine.

Yule mama huinjika karai saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu ya kwanza haijajaa. Wewe uliyetamka, nenda saa hiyo, pasipo watu. Usiende na maelezo kwamba hukumkusudia, hilo analijua. Mwamkie, mwombe radhi, kisha umsaidie kubeba ule mtungi wa maji kutoka bombani, maana mgongo wamsumbua. Na wewe mwanawe uliyejibu kwa kumtukania mwenzako mama yake, fuatana naye, kisha nendeni wote wawili kwa mama wa huyo mwenzako, kule Likoni.

Mimi Jumanne nitapita kama kawaida kuchukua mahamri yangu.

Nyanya yenu wa kikapu cha ukili