Kompyuta ya maji ndani ya kabati la mninga: rejeta ikae ndani au nje?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Naomba ushauri wenu kabla fundi seremala hajashika msumeno. Nataka kuunda kompyuta inayopozwa kwa maji, ya kwanza kwangu, na nataka ikae ndani ya kabati la vyombo lililopo sebuleni kwetu, hapa Ilala. Mengi nimeshayapanga. Limebaki moja linaloamua mengine yote: rejeta, yaani sehemu inayotoa joto la maji na kulipeleka hewani, ikae ndani ya kabati, au itoke nje?

Kazi yangu ni kuchora nyumba. Mteja akitaka kuona picha ya jengo lake kabla halijajengwa, kompyuta hukesha ikipiga hesabu za mwanga na vivuli, na feni zake huvuma mpaka alfajiri. Mama analala upande wa pili wa ukuta. Ni mtu mzima, usingizi wake mwepesi, na hajawahi kulalamika hata mara moja. Ndiyo maana nataka kulimaliza hili mwenyewe bila kusubiri aseme. Nimejaribu feni kubwa za mwendo wa polepole, zikasaidia kidogo, lakini prosesa (ubongo wa kompyuta) na GPU (kadi ya kuchora picha) zikifanya kazi pamoja, zile feni ndogo za GPU lazima zikimbie.

Kabati lenyewe ni la mninga, limetengenezwa Keko miaka ya 1980. Juu lina milango ya kioo na vikombe vya wageni. Chini lina milango miwili ya mbao na nafasi yenye upana wa sentimita 150, kimo 70 na kina 45. Mama ameniruhusu kulitumia, ila kwa sharti kwamba sehemu ya mbele isiguswe na vikombe vyake vibaki pale pale. Nimelikubali sharti hilo kwa moyo wote, maana mninga wa namna ile leo kuupata si rahisi. Mgongo wa kabati ni plaiwudi iliyopigiliwa misumari, huo naweza kuung'oa na kuweka mwingine.

Sasa joto. Prosesa ni Ryzen 9 5950X, ikisukumwa hadi mwisho inakula wati 142. GPU ni RTX 3090 ya wati 350. Jumla karibu wati 500, na umeme wote huo unaishia kuwa joto. Maji kulibeba hayana shida: yakizunguka lita 4 kwa dakika, yanapanda nyuzi chini ya 2 tu yanapopita kwenye mashine. Shida ni hewa. Maji hulihamisha joto tu, na mwisho wa safari ni hewa inayopita katikati ya mapezi (vibati vyembamba) ya rejeta. Ili hewa iondoe wati 500 huku yenyewe ikipanda nyuzi 10, zinatakiwa karibu mita za ujazo 150 kila saa. Nafasi yangu haifiki hata nusu mita ya ujazo. Kwa hesabu hiyo, hewa yote iliyomo kabatini lazima itoke na kuingia nyingine kila baada ya sekunde 11 au 12. Ikikwama, mbao zitalitunza joto kama hotpoti linavyotunza wali, kwa kuwa mbao hazipitishi joto kama chuma cha boksi la kawaida.

Kumbukeni pia hali ya hewa yetu. Mwezi wa pili sebule hufika nyuzi 32, na hatuna AC pale, tuna pangaboi tu. Rejeta haiwezi kupoza maji yakawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Uzuri wake ni kwamba umande hautatokea kwenye mipira ya kupitishia maji hata kwa unyevu wa pwani. Ubaya wake ni kwamba maji yakizidi hewa kwa nyuzi 10, tayari tuko 42. Hapo bado ni salama, kwani pampu ninayoitaka, aina ya D5, kikomo chake ni maji ya nyuzi 60. Ila rejeta ikianza kuvuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe, sijui tutasimamia wapi.

Rafiki yangu anayetengeneza kompyuta anasema niweke rejeta mbili ndani, kila moja ya feni tatu za milimita 120. Hewa iingie kwa matundu kwenye sakafu ya kabati, itokee mgongoni. Kabati lina miguu ya sentimita 12 hivi, kwa hiyo matundu hayataonekana. Seremala ameafiki, lakini anataka kabati lisogezwe mbali na ukuta ili hewa ipate pa kupita, na sebule yetu ni nyembamba. Zaidi ya hapo, joto la wati 500 litabaki sebuleni usiku kucha, na mlango wa chumba cha mama unafungukia hapo hapo.

Mimi ninavutiwa na njia ya pili: kutoboa ukuta nyuma ya kabati, kupitisha mipira miwili, na kufunga rejeta moja kubwa ya feni tisa kibarazani, chini ya paa. Feni tisa zikizunguka polepole hazisikiki, na joto linatoka nyumbani kabisa. Mipira itakuwa kama mita 3 kwenda na 3 kurudi, jambo ambalo D5 inaliweza. Ningeweka viungio vya kuchomoa visivyodondosha maji, ili siku ya kuhamisha kabati nisilazimike kumwaga kila kitu. Hofu yangu ni vumbi la barabarani, hewa ya chumvi, na mkono wa mtu usiku. Je, kuna mtu mwenye rejeta iliyokaa nje mwaka mzima Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa? Mapezi yake yako katika hali gani?

Fundi mmoja wa Gerezani ameniambia nisipoteze pesa, ninunue rejeta ya gari. Wazo lake lina msingi, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa kazi hii walitumia rejeta ndogo za hita za magari, zile za shaba. Lakini rejeta nyingi za magari ya leo ni za alumini, na vibamba vinavyokaa juu ya prosesa na GPU ni vya shaba. Vyuma hivyo viwili vikishirikiana maji, alumini huliwa. Dawa ya kuzuia kutu hupunguza kasi tu. Kwa hiyo hapo nimesema hapana, isipokuwa kama kuna anayejua wapi zinapatikana za shaba zilizo safi ndani.

Mipira nitaweka ya EPDM (aina ya raba ngumu kuchakaa), nyeusi. Ile myeupe inayoonyesha maji hupendeza, ila iliyo ya PVC laini huweza kutoa kilainishi chake kikaziba njia nyembamba za vibamba, na nyuma ya milango ya mbao hakuna wa kuitazama. Tangi litakaa juu ya pampu, kwa kuwa pampu hizi husukuma maji, hazijui kuyavuta. Koki ya kumwagia itakuwa chini kabisa. Kabla ya maji nitajaza hewa yenye shinikizo la nusu baa na kuangalia kama geji inashuka. Madabodi (bodi kuu ya kompyuta) nitaifunga kwenye bamba la chuma lililounganishwa na erthi, maana mbao hazitafanya kazi hiyo.

Mengine mawili naomba mnisaidie. Je, maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta (sisemi asidi) ni safi kiasi cha kutumika pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, au nitafute yaliyokenekwa ya maabara? Na mtetemo wa pampu: nikiifunga moja kwa moja kwenye mninga, naamini vikombe vya juu vitaanza kulia. Nafikiria kuiweka juu ya sifongo nzito au vipande vya mpira. Aliyejaribu aniambie kipi kilinyamazisha kweli.

Seremala amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Mkinijibu kwamba rejeta ikae ndani, tafadhali mnieleze na ukubwa wa matundu, na kabati likae umbali gani kutoka ukutani.

Wenu,
Mchora ramani, Ilala, Dar es Salaam