Bwana wa Utaratibu si shetani

Mhariri,

Tangu mchezo wa kompyuta wa Oblivion utolewe upya Aprili 2025, vijana wengi wanakutana kwa mara ya kwanza na Shivering Isles, nyongeza yake ya mwaka 2007. Kosa la zamani nalo limerudi: Sheogorath, mtawala wa nchi ya kisa hicho, anawekwa upande wa wema kwa kuwa anachekesha, na Jyggalag, adui anayeivamia, upande wa ubaya kwa kuwa askari wake ni wa kijivu na hawana utani. Ukianza hivyo, kisa chote kinakupita.

Wema na ubaya si mada pale. Mada ni utaratibu na hiari, na mgawanyiko huo ulikuwapo tangu mwanzo wa michezo ya aina hii. Dungeons & Dragons ya 1974 ilikuwa na misimamo mitatu tu: Sheria, Vurugu na ya wasioegemea kokote. Wema na ubaya viliongezwa baadaye. Jyggalag basi ni Bwana wa Utaratibu. Wakuu wenzake wa Daedra, viumbe wenye nguvu za kimungu, waliiogopa nguvu yake, wakamlaani awe kile alichokichukia kuliko vyote: Sheogorath, bwana wa wendawazimu. Kila enzi ikiisha anarudi kuwa Jyggalag, anaiteka nchi yake mwenyewe, kisha anageuzwa tena. Ndiyo hiyo Greymarch. Wanaobishana nani bora kati ya hao wawili wanabishana juu ya mtu mmoja.

Tazama unavyoingia. Ukivuka lango la kisiwa kidogo cha Niben Bay unamkuta Haskill, msaidizi wa Sheogorath, kakaa mezani, na metronomu, kifaa cha kupimia mapigo ya muziki, inagonga taratibu, bila kukosea pigo. Ukikubali kuendelea, kuta za chumba zinabanduka na kuruka: ni vipepeo. Hujachomoa hata upanga, na hoja zote mbili, ya utaratibu na ya hiari, umeshaonyeshwa.

Kiini kiko katika pango la Knifepoint Hollow, kwa Dyus, mtunza maktaba wa Jyggalag. Jyggalag alikuwa na maktaba iliyokokotoa kimantiki kila tendo la kila kiumbe, awe binadamu au Daedra. Sheogorath akaichoma moto. Wachezaji wengi hupita hapo mbio wapate maelekezo ya kutengeneza fimbo ya Sheogorath, na hapo ndipo palipokuwa pa kutulia. Kama tendo lako limeshakokotolewa, wewe unaamua nini? Aliyezoea mabishano ya barazani kuhusu kudura na hiari hatapotea, ila tofauti ni kubwa: kudura ina Mwenye kukadiria, maktaba hii ni hesabu tupu.

Upande wa wendawazimu nao usipambwe. Kule Xedilian, jengo la mitego ya kunasa wasafiri, unawekwa juu ya vyumba vitatu, na wasafiri watatu wanapita chini yako. Kila chumba kina vitufe viwili, kimoja cha kuua, kingine cha kutia wazimu. Chumba cha pili kina hazina ndani ya kizimba kilichofungwa. Bonyeza kimoja, moto. Bonyeza kingine, funguo zinamwagika kutoka darini kwa mamia, na msafiri anachakura hadi akili inamtoka. Mwenye kuchagua ni wewe peke yako. Hiyo hiari ni ya nani?

Kwa upande wa mapigano, kosa la kawaida ni kukimbizana na askari wa Utaratibu mmoja mmoja. Obeliski, yaani nguzo wanakotokea, ikiwa hai itaendelea kuwatoa. Okota Mioyo ya Utaratibu kwa walioanguka, tumbukiza 3 ndani ya obeliski, nayo itazidiwa na kuzima. Yaani unaushindilia utaratibu kwa utaratibu mpaka uvimbiwe. Wabunifu walijua wanachofanya.

Lawama yangu iko kwingine. Gemu inayoitetea hiari hivi inakunyima hiari yenyewe. Nchi ya Sheogorath ina nusu mbili: unaweza kurithi Mania kwa kumwekea mtawala wake, Thadon, kilevi cha greenmote katika chakula na divai hadi afe, au kurithi Dementia kwa kumuua mtawala wake, Syl, na kuupeleka moyo wake madhabahuni. Uamue lolote, yule uliyemwacha hai anaasi na kuhamia kwa Jyggalag. Wewe kuhamia huko huruhusiwi. Mwisho ni mmoja: unamshinda Jyggalag, laana inamwachia, anaondoka zake, nawe unavikwa jina la Sheogorath. Na kama maktaba ilikokotoa kila tendo, basi hata kushindwa kwa mwenye maktaba kulikuwamo.

Shin Megami Tensei, gemu ya Kijapani ya 1992, ilithubutu zaidi. Majibu yako katika mazungumzo yanakusogeza kimyakimya kwenye Sheria au Vurugu, na unakuja kuona athari vitani: ukiwa mtu wa Sheria, majini wa Vurugu huwezi kuwaita. Mwishoni, aliyechagua Sheria anapambana na kiongozi wa Vurugu, aliyechagua Vurugu anapambana na malaika Michael, na asiyeegemea kokote anapambana na wote wawili.

Anayetaka kuipima Shivering Isles kwa haki ahifadhi mchezo kabla hajamgusa Thadon wala Syl, acheze njia zote mbili, na akifika kwa Dyus amalize maswali yote kabla ya kutoka pangoni.

Msomaji wako,
Morogoro