Ukaguzi Ni Kazi, Ndiyo Maana Tunaulipisha Peke Yake

Lalamiko ni lilelile: "Umekuja kuangalia tu, mbona unataka hela?" Safari hii limetoka kwa mteja ambaye ukaguzi wa umeme wa nyumba yake ulimgharimu zaidi ya matengenezo yenyewe, akaona ameibiwa. Bei yetu hatuionei haya, kwa hiyo naeleza.

Kwake swichi ya kinga, ile ya miliampea 30 (mA) inayokata umeme unapovuja, ilikuwa ikijizima ovyo, hasa mvua ikinyesha. Fundi wa kwanza alimwambia nyumba nzima ivutwe waya upya. Sisi tulizima umeme, tukachomoa vyombo vyote, tukatenganisha njia za umeme mojamoja na kuzipima kwa megga ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme. Zote zilisoma vizuri isipokuwa ya taa za nje, ambayo haikufika hata megaohmu 1 inayotakiwa, yaani umeme unavuja hapo. Tukafuata taa kwa taa hadi tukaipata moja ambayo mpira wake wa kuzuia maji umepasuka na maji yametuama ndani. Taa moja tu! Kuibadilisha ni kazi ndogo, na bili yake ikawa ndogo. Ukaguzi anaoulalamikia ndio uliomwokoa asivute waya nyumba nzima.

Wengine huuliza kwa nini tusikate pesa ya ukaguzi mtu akitupa kazi. Tunakataa kwa makusudi. Ukaguzi ukiwa wa bure, fundi atatafuta pa kufidia muda wake, na mara nyingi atafidia kwenye orodha ya vitu vya kubadilisha. Ripoti yetu ni mali yako: vipimo, kasoro, saizi za waya. Mpe fundi yeyote umtakaye. Ukitaka tumsimamie, tutamsimamia, ila hapo kazi yenyewe ya matengenezo hatuiombi. Refa hachezi mechi anayoichezesha.

Kinachotuumiza zaidi ni ile picha ya breka, swichi inayokata umeme ukizidi, inayotumwa kwa simu: "Inakata kila mara, niambie tu ninunue ya ngapi." Hatujibu, na si kwa kiburi. Kuna nyumba tuliitwa baada ya harufu ya kuungua. Shawa ya umeme ya wati 7,000 kwa volti 230 huvuta ampea 30 hivi, lakini hiyo ilifungwa kwenye waya wa milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Breka ikawa inakata mtu akiwa katikati ya kuoga, yaani inafanya kazi yake. Mtu akashauri iwekwe ya 40. Kweli ikaacha kukata, waya ukaanza kuchemka ukutani. Tulipofungua, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandana na bomba la kupitishia waya, waya hauvutiki. Ikabidi tupasue vigae vya bafu ili kupitisha waya wa 6. Vigae, saruji, fundi wa vigae, rangi, vyote vikaingia kwenye bili.

Ukitupigia, tutakutajia bei ya ukaguzi kabla hatujatoka. Ukitaka tufanye na kazi, makadirio yatakuja kwenye karatasi nyingine. Na kama hakuna cha kutengeneza, ripoti itasema hivyo hivyo, na pesa ya ukaguzi tutaichukua.