Nyangumi na pomboo si samaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie maneno mawili ambayo magazeti ya Kiswahili hayachoki kuyatumia kila nyangumi anapokutwa ufukweni: "samaki mkubwa". Habari huanza hivyohivyo, kwamba samaki mkubwa aina ya nyangumi amekutwa amekufa, kisha hufuata picha ya watu waliopanda juu ya mzoga, na hapo habari imekwisha. Huenda wasomaji wengine wakaona kwamba ninatafuta makosa ya lugha tu. Sivyo. Nimeshiriki kwa miaka kadhaa katika kazi ya kuwaelimisha watu juu ya wanyama wa baharini, na nimejifunza kuwa mtu akishaamini kwamba pomboo ni samaki, mengi utakayomweleza baada ya hapo hayamwingii, kwa sababu samaki anamjua tayari na mahitaji yake anayajua: ni maji.

Niliwahi kumshuhudia pomboo aliyekwama mchangani maji yalipokupwa. Kijana mmoja, ambaye nadhani alikuwa na huruma kutuzidi sote tuliokuwapo, alikuwa akichota maji kwa ndoo na kummwagia kichwani, na kila alipomwaga, maji yaliingia moja kwa moja katika tundu lililo utosini. Tundu hilo ndilo pua ya pomboo. Lilikuwa likifunguka ghafla, likitoa pumzi kwa sauti kama ya mtu anayepenga kamasi, kisha likifungwa upesi kabla ya ndoo iliyofuata. Kijana yule hakuwa amefundishwa na mtu yeyote kwamba alikuwa akimzamisha mnyama nchi kavu. Wengine walimshika mkia wakaanza kumburuta, jambo linaloweza kumtegua viungo. Kilichohitajika ni kumfunika mgongo kwa nguo iliyoloweshwa huku tundu likiachwa wazi, kumkinga na jua, kupunguza kelele, kuwaweka mbali mbwa na watazamaji, na kuwaita wanaohusika. Hata kumsukuma baharini papo hapo si msaada wa hakika, kwa maana mara nyingi anayekwama ni mgonjwa au ameumia, na huweza kurudi ufukweni baada ya muda mfupi akiwa amedhoofika zaidi.

Haja hiyohiyo ya kuvuta hewa ndiyo inayoeleza vifo vingi visivyoonekana na mtu. Pomboo akinaswa katika jarife lililotegwa usiku, hafi kwa jeraha. Anashindwa kufika juu kuvuta hewa, na asubuhi mvuvi anapandisha mzoga ambao hakuutaka, pamoja na wavu uliochanika ambao itambidi aushone. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba nyangumi na pomboo wa aina mbalimbali wapatao 300,000 hufa kila mwaka duniani kwa kunaswa namna hiyo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa vaquita, mnyama mdogo wa jamii ya pomboo anayepatikana katika Ghuba ya California nchini Mexico peke yake, ambaye sasa wamebaki takriban kumi tu. Hakuna anayemwinda vaquita. Nyavu hutegwa kwa ajili ya samaki aitwaye totoaba, ambaye bondo lake, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni, huuzwa kwa bei kubwa sana, na vaquita ana bahati mbaya ya kuwa na ukubwa unaokaribiana na wa samaki huyo.

Kwa hiyo mabango yanayosema "Usiwaue pomboo", ambayo nami nimewahi kuyabandika, humwambia mvuvi aache jambo ambalo hakuwa na nia ya kulifanya. Anayasoma, anakubaliana nayo, kisha anakwenda kutega wavu uleule mahali palepale. Mafundisho yenye maana yangezungumzia wavu wenyewe: unatumbukizwa saa ngapi, unakaa majini kwa muda gani bila kuangaliwa, na unapita katika njia zipi za wanyama hao. Zipo pia ala ndogo za kutoa mlio zinazofungwa kwenye nyavu ili kuwatahadharisha, na kwa baadhi ya jamii za pomboo zimepunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Nazo zina gharama, na mwalimu anayeificha gharama hiyo hatasikilizwa mara ya pili.

Kuna hesabu nyingine ambayo neno "samaki" linaivuruga. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu, hata mamilioni, na ndiyo maana wavuvi wanajua kwa uzoefu kwamba eneo likipumzishwa samaki hurudi. Nguva, ambaye naye ni mamalia wa baharini, hubeba mimba kwa miezi 13 au 14, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa zaidi ya mwaka, na huenda asizae tena hadi ipite miaka mitatu, wakati mwingine hata saba. Mahali penye nguva wachache, kuwapoteza majike wawili kwa mwaka kunatosha kuwamaliza, hata kama hakuna aliyekusudia. Ng'ombe-bahari wa Steller, ndugu mkubwa wa nguva aliyezidi urefu wa mita saba, alionwa na mtaalamu Georg Steller katika Bahari ya Bering mwaka 1741. Kufikia 1768 alikuwa ametoweka duniani. Ni miaka 27 tu. Na ilhali nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa mwaka 2022 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, ukimtaja nguva mbele ya watoto wengi wanakuuliza juu ya mwanamke mwenye mkia wa samaki. Sina ugomvi na hadithi hizo, ila nachelea kwamba tutabaki nazo zenyewe.

Sisemi haya kwa kukata tamaa. Katika karne ya 20 wavuvi wa nyangumi waliua karibu nyangumi milioni tatu, lakini baada ya Tume ya Kimataifa ya Nyangumi kuamua mwaka 1982 kusimamisha uvuvi wa kibiashara, uamuzi ulioanza kutekelezwa katikati ya miaka hiyo ya themanini, nyangumi wenye nundu wameongezeka katika sehemu nyingi za dunia. Sili tembo wa kaskazini, mamalia wengine wa baharini, ambao mwishoni mwa karne ya 19 inakadiriwa hawakufika mia moja, leo wamevuka 100,000. Naeleza mifano hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu msikilizaji aliyeambiwa habari za vifo pekee hujiona hana la kufanya, akaenda zake.

Ombi langu kwa chumba chako cha habari ni dogo. Picha ya nyangumi au pomboo ikiwafikia, mwiteni mnyama, au mamalia wa baharini, na mwandishi amweleze msomaji angalau alama moja ya kumtambua: mkia wa samaki husimama wima na kupiga upande kwa upande, wa nyangumi hulala bapa na kupiga juu na chini. Kabla ya kuandika kwamba chanzo cha kifo hakijulikani, mwandishi amwombe aliyekuwapo, au mpiga picha, aangalie kwa mbali shingo ya mkia, kingo za mapezi na pembe za mdomo. Wavu ukimnasa mnyama huacha mikato myembamba katika sehemu hizo, na mikato hiyo huonekana hata katika picha ya simu, alimradi watu wawe wameshuka kwanza kutoka juu ya mzoga.

Msomaji wenu wa siku nyingi