Mti wa bandia hauna hatia, kinachoonewa ni chungu cha kale

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala uliozushwa na makala yenu kuhusu madarasa ya utamaduni wanayouziwa watalii nchini Japani, hasa lile la kutengeneza bonsai ya bandia, yaani mfano wa waya na karatasi wa mti mdogo unaolelewa chunguni, na kuipandikiza katika chungu cha kale. Wasomaji walioandika baada ya makala hayo walikubaliana karibu wote kwamba darasa hilo ni ulaghai, kwa hoja kwamba bonsai ni mti ulio hai, na kwamba mtu asiyeumwagilia maji hajaugusa utamaduni wenyewe. Mimi ni mkazi wa Japani, nimeketi katika madarasa ya namna hiyo na kuwasindikiza wageni waliotaka kuyajaribu, na naona lawama hiyo imetupwa pasipo pake.

Nakubali kwamba lipo jambo kubwa ambalo waya na karatasi haviwezi kulitoa, nalo ni muda. Watunza bonsai wa Japani husema kwamba kujifunza kumwagilia maji tu huchukua miaka mitatu, na wala hawatii chumvi, kwa sababu mti uliopandwa katika udongo kidogo kiasi kile huweza kukauka kwa siku moja ya jua kali, na ukizidishiwa maji huoza mizizi. Mfano ulio wazi ni msonobari wa ukoo wa Yamaki wa Hiroshima, ambao umelelewa katika chungu tangu mwaka 1625, ukanusurika bomu la atomiki la Agosti 6, 1945 ukiwa umekingwa na ukuta wa bustani, kisha ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, na hadi leo unatunzwa katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington. Waliokuwa wakiutunza huko hawakuijua habari ya bomu mpaka mwaka 2001, wajukuu wa aliyeutoa walipokwenda kuutazama. Darasa la alasiri moja halimfikishi mtu hapo, na mwandalizi anayetangaza kwamba mgeni ataondoka akiwa fundi wa bonsai anastahili kuchekwa.

Lakini tujiulize mgeni mwenye tiketi ya kurudi kwao angefanya nini na mti ulio hai. Mmea wowote unaovuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea, na nchi nyingi hazikubali kabisa udongo wa kigeni uingie, kwa hiyo mti ungepaswa kung'olewa, mizizi ioshwe na nyaraka zitafutwe ofisini, kazi ambayo wauzaji wenye uzoefu huifanya kwa utaratibu maalumu na mtalii hana muda nayo. Wapo wanaoweza kuishia kuuacha mti hotelini. Sioni ni utamaduni gani unaoheshimiwa pale mti uliopogolewa kwa miaka unapoachwa ukaukie dirishani ili mtu apate picha.

Tena si kweli kwamba Wajapani wenyewe hudharau kila kitu kilichoigizwa. Ipo sanaa ya bonseki, ambayo mandhari ya milima, bahari na visiwa huchorwa juu ya sinia nyeusi kwa mawe na mchanga mweupe tu, bila jani wala mzizi, na imefundishwa kwa karne nyingi bila mtu kuiita udanganyifu. Alikuwapo pia Iwasaki Takizo, mzaliwa wa Gujo Hachiman, aliyeanzisha mjini Osaka mwaka 1932 biashara ya sampuli za vyakula za nta, zile zinazopangwa kwenye madirisha ya mikahawa ili mteja ajue atakachopewa. Leo wageni humiminika Gujo Hachiman kumimina nta ya rangi ndani ya maji ya uvuguvugu na kuitazama ikijikunja kuwa tempura, kitoweo cha kukaangwa, au jani la saladi, na hakuna anayetoka pale akilalamika kwamba hakushiba. Kinachowaridhisha ni kwamba kila mtu amejua tangu mlangoni kuwa anatengeneza mfano, na mfano wenyewe unahitaji jicho na mkono.

Bonsai ya bandia inahitaji jicho zaidi kuliko wakosoaji wanavyodhani. Katika darasa lililofundishwa vizuri, hushiki jani lolote mpaka shina limekubalika. Mwalimu hukupa fungu la nyaya laini, ukazisokota pamoja huku ukiziachanisha moja moja kadiri unavyopanda, ili shina liwe nene chini na lipungue unene kuelekea kileleni kama mti wa kweli unavyofanya. Ncha za chini hutandazwa pande zote ziwe mizizi inayoonekana juu ya ardhi, kwa kuwa mtazamaji aliyezoea bonsai huanza kutazama pale kabla hajainua macho. Kisha shina hupindwa, na tawi la kwanza huwekwa karibu na theluthi ya urefu wa mti kutoka chini, la pili juu yake upande wa pili, na la tatu nyuma ili mti usionekane bapa. Kilele huinamishwa kidogo kumwelekea mtazamaji, mithili ya mwenyeji anayempokea mgeni. Baada ya hapo ndipo hufungwa karatasi yenye gundi, hupakwa rangi ya gome, na mwisho huwekwa majani, ambayo mwalimu mwema atakulazimisha uyapunguze nusu. Kosa la kila anayeanza ni kuujaza mti majani mpaka nafasi kati ya matawi inapotea, na nafasi hiyo ndiyo inayomfanya mtu aamini kwamba anatazama mti mkubwa ulio mbali. Haya yote ni masharti yaleyale ya mti ulio hai, na mgeni akiyapitia kwa vidole vyake hatazitazama tena bonsai za makumbusho kwa macho aliyokuja nayo.

Sasa nije kwenye chungu, ambacho katika barua zote zilizotangulia hakikutajwa ila kama pambo. Kwa Mjapani anayeijua kazi hii, mti na chombo chake huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Misonobari na mireteni hupandwa katika vyungu vya udongo wa kahawia visivyo na mng'ao, na miti ya maua au ile inayopukutisha majani hupewa vyungu vyenye mng'ao wa kioo, vya buluu, kijani au maziwa. Mti hauwekwi katikati kabisa ya chungu kirefu, bali husogezwa kidogo upande mmoja. Vyungu vinavyothaminiwa kuliko vyote ni vile vilivyoletwa zamani kutoka China, vinavyojulikana kama kowatari, vingi vikiwa vya udongo wa Yixing, mji wa huko China, na baada yake kuna kazi za wafinyanzi wa Japani, wakiwamo wa Tokoname katika mkoa wa Aichi, mji ambao tanuri zake zinahesabiwa miongoni mwa sita za kale za nchi hiyo. Ukikishika chungu cha namna hiyo utaona kingo zilizolainika kwa kushikwa na mstari mweupe wa chokaa ulioachwa na maji ya miaka mingi, na ukikigeuza utakuta chini muhuri wa mfinyanzi, mara nyingine umefutika nusu.

Hapa ndipo mti wa bandia unapokuwa na faida ambayo mti ulio hai hauna. Mti ulio hai haukubali chombo kisicho na matundu ya kutolea maji, kwa hiyo mtu anayetaka kuupanda katika bakuli la zamani, kikombe cha mchuzi wa tambi za soba au chombo kingine cha kauri ambacho hakikukusudiwa mimea, hana budi kukitoboa kwa keekee, na kauri ya kale ikipasuka chini ya keekee ndiyo basi tena. Mizizi nayo husukuma, na maji ya baridi kali yakiganda ndani ya udongo huvipasua vyungu vingi kila mwaka katika mikoa ya kaskazini. Mti wa waya hauna maji, hauna mizizi inayotanuka, wala hauhitaji tundu. Chombo kilichokuwa kimefungiwa kabatini kwa sababu kina ufa au hakina matumizi kinaweza kuwekwa mezani bila kuguswa na chuma, na hata kile kilichoungwa kwa lakeri na unga wa dhahabu kinapata kazi ambayo haitakiumiza.

Kwa bahati mbaya, faida hiyo wapo waandaaji wanaoitupa kwa uvivu. Katika darasa moja nililolihudhuria, ambalo sitalitaja jina, tuligawiwa vyungu vilivyoelezwa kuwa vya kale, kisha msaidizi akapita akimimina gundi ya moto ndani ya kila kimoja na kubandika kipande cha sponji ngumu ili miti isimame. Changu hakikuwa na mng'ao ndani, na udongo wa aina hiyo hunywa kila kinachouangukia. Nilipojaribu baadaye kukibandua nilikuta gundi imeshika kwenye vinyweleo vya udongo na kuacha utando ambao haukutoka kwa kisu wala kwa maji ya moto. Nilipouliza kwa nini hawakufanya vingine, niliambiwa kwamba wageni hupenda kitu kisichotikisika katika sanduku la safari. Ni jibu la mtu anayeuza bidhaa, na halimpi haki ya kutumia neno utamaduni katika tangazo lake.

Njia ya kuepuka hayo si ngumu wala si ya gharama. Mti ufungwe kwenye kibao au bamba jembamba lililokatwa kwa umbo la ndani ya chungu, kitambaa laini kiwekwe chini na pembeni, kisha kibao kifunikwe changarawe na ukoga uliokaushwa. Chungu chenye matundu kinaweza kupitishiwa waya kutoka chini, jinsi watunza bonsai wanavyoukaza mti wa kweli usiyumbe baada ya kupandwa upya. Siku yoyote mwenye chungu akitaka, ataunyanyua mti mzima na kubaki na chombo chake kama alivyokipokea.

Pia nataka waandaaji waseme kweli kuhusu umri wa vyombo. Japani ina masoko makubwa ya vitu vya zamani, kama lile linalofanyika kila tarehe 21 ya mwezi katika hekalu la Toji mjini Kyoto na lile la tarehe 25 katika hekalu la Shinto la Kitano Tenmangu mjini humo, na humo utapata vyungu vizuri vilivyotumika vizazi viwili au vitatu bila kuwa vya kale kwa maana ya wataalamu. Hakuna aibu kumwambia mgeni kwamba chungu chake kilitumika katika bustani ya mtu na kimenunuliwa sokoni. Aibu ni kupaka matope chungu kipya na kukiita cha enzi za Edo (1603 hadi 1868), kwa maana hapo mti ni wa bandia na chungu nacho ni cha bandia, na hao wasomaji wenzangu wanaolalamika watakuwa wamepata hoja nisiyoweza kuijibu.

Ningependa gazeti lenu, mnapoandika tena kuhusu madarasa haya, muwashauri wasomaji waulize mambo mawili kabla ya kulipa: mti utashikizwaje ndani ya chungu, na chungu kimetoka wapi. Mwandalizi akijiumauma, mgeni apande treni hadi Omiya, mkoani Saitama, safari isiyofika saa moja kutoka Tokyo. Huko kuna kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko la ardhi la 1923, na tangu mwaka 2010 pana makumbusho ya umma ya sanaa hiyo, ambamo vyungu vya kale huonyeshwa pamoja na miti. Akishaviona hivyo, atajua mwenyewe kama alichokuwa anauziwa kinafaa kununuliwa.

Msomaji wenu,
Saitama, Japani