Mliifunga brida kwa waya, injini ikafa ziwani

Kwa Meneja,
Kitengo cha Injini za Boti,
Kisumu.

Bwana Meneja,

KUH: UHARIBIFU WA INJINI YA DIZELI NA MATUSI YA MSIMAMIZI WENU

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi kuishika heshima hiyo hadi mwisho wa barua. Nambari ya kazi iko kwenye risiti niliyoambatanisha. Masharti ya dhamana yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea.

Nilileta kwenu injini ya boti yangu ya matanga kwa sababu moja: mvuke wa oili ulikuwa unajaa kebini. Abiria walikuwa wakishuka Dunga wameshika vichwa na nguo zao zinanuka gereji. Hayo niliyaandika kwenye fomu yenu kwa mkono wangu. Niliandika pia kwamba mpime kompreshani, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote mbili kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu injini ya boti ya matanga huharibiwa zaidi na kukaa bure kuliko na kazi. Inawashwa gatini, inanguruma polepole mpaka upepo upatikane, kisha inazimwa hata haijapata moto vizuri. Kuta za silinda zinakuwa nyororo mno kama kioo, ringi za pistoni zinashindwa kushika, na gesi ya mwako inapenya kando ya pistoni hadi tumboni mwa injini. Huko inabeba matone madogo madogo ya oili na kutafuta pa kutokea. Pa kutokea ni brida, yaani njia ya injini ya kupumulia, hakuna pengine.

Hozi ya brida ilirudi kwangu imekunjwa na kukazwa kwa waya. Waya wa kawaida, ule wa kufungia ua.

Bwana Meneja, huko ni kumziba mgonjwa pua na mdomo ili asikohoe. Harufu iliisha, ndiyo. Mlinitoza shilingi 18,500 na kuandika "tatizo limerekebishwa". Lakini gesi haikukoma kuzalishwa. Ilijikusanya ndani, presha ikapanda, ikatafuta mahali dhaifu. Tulikuwa tunarudi kutoka Kisiwa cha Ndere, upepo umelala kabisa, matanga yananing'inia, injini ndiyo tegemeo letu pekee, na ndani kuna mama mmoja na watoto wake. Sili ya nyuma ya krenkishafti, ile inayozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapotokeza, ikasukumwa nje. Oili yote ikamwagika chini ya boti, kengele ya presha ya oili ikalia, nikaizima injini. Pampu ya kutoa maji, ambayo hujiwasha yenyewe, ikaanza kuitema oili ile ziwani kabla sijaifikia swichi.

Naomba msilipite hilo haraka. Lile ni ziwa ambalo watu wa Dunga wanachota maji, wanavua, wanaogeshea watoto. Niliona utando wa oili ukitambaa kuelekea kwenye mafunjo, na sikuwa na la kufanya. Mvuvi aliyetuvuta hadi ufuoni alikataa pesa zangu, ila aliniuliza, "Mama, hii oili ni yako?" Nilimjibu ndiyo. Ilikuwa oili yangu, lakini aliyeimwaga ni fundi wenu.

Nilikuja ofisini kwenu Jumatatu iliyofuata. Niliiweka hozi juu ya kaunta, na waya wake. Msimamizi wenu wa karakana hakuigusa. Hakunitazama hata mimi. Alimgeukia kijana ninayefanya naye kazi botini, akamwambia, "Kijana, mweleze mama injini ya dizeli lazima inuke. Akitaka isiyonuka, anunue makasia." Wateja waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Ninachodai ni hiki: mnirudishie shilingi 18,500, na mbadilishe sili ile kwa gharama yenu.

Tena haikuwa mara ya kwanza, na hapa ndipo subira yangu inapoishia. Mwaka jana mwishoni, injini hiyohiyo ilitoka kwenu ikiwa imejazwa oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, na hozi ya brida mmeielekeza moja kwa moja kwenye njia ya kuvutia hewa, bila kile chombo cha katikati cha kunasa oili. Kuurudisha mvuke ukachomwe ndani si kosa, injini nyingi zimeundwa hivyo. Lakini oili ikizidi, krenki inaipiga, inageuka ukungu mzito, na injini inaunyonya na kuanza kuwakia oili yake yenyewe. Ilinguruma gatini hadi boti nzima ikatetemeka. Nilifunga dizeli, haikuzima. Fundi yeyote wa dizeli anajua kwamba ikifika hapo dawa kuu ni kuinyima hewa. Ni yule kijana aliyekandamiza ubao kwenye mdomo wa kuvutia hewa mpaka ikafa. Niliwapigia simu siku ileile. Mliniambia ni "mambo ya kawaida", mkapunguza oili, mkanilipisha oili.

Ndiyo maana maneno ya kaunta yaliniuma kuliko gharama. Yule kijana, msimamizi wenu alijua fika kwamba si mwenye boti. Fomu ilikuwa mbele yake, jina langu juu, saini yangu chini. Nilimuuliza mimi, kwa sauti ya kawaida, kwa nini hawakufungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, wakasafisha ule wavu wa brida ambao huziba kwa masizi na oili iliyoganda. Hilo ni swali la fundi kwa fundi. Akavuta fomu yangu, akafutia vidole vyake vyenye grisi juu yake, akamjibu mtu ambaye hakuuliza: "Kijana, mweleze mama injini ya dizeli lazima inuke." Kijana akainamisha macho. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, kubadilisha impela, kupima oili. Alifedheheshwa kwa ajili yangu, mbele ya wavuvi tunaoonana nao kila siku ufuoni. Na ile hozi, hadi tunaondoka, msimamizi wenu hakuigusa.

Kwa hivyo dai langu si lile nililoandika juu. Nataka shilingi 18,500 zirudi. Nataka sili mpya, kompreshani ipimwe nikiwepo nimesimama hapo, na brida irudishwe ikiwa na chombo cha kunasa oili. Nataka mlipe gharama ya kuitoa boti majini, na nauli niliyowarudishia abiria. Nataka msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, na amwombe radhi yule kijana ana kwa ana, hapohapo kaunta, si ofisini mlango umefungwa.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Zikipita siku hizo, nitawasilisha dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na humo nitaongeza kipato nilichopoteza kwa kila siku ambayo boti imelala nchi kavu. Kuhusu oili iliyoingia ziwani, siwasubirini siku zote 14. Taarifa kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nimeshaiandika, na picha ya hozi imo. Msipojibu ndani ya wiki ya kwanza, itaondoka pamoja na nakala ya risiti yenu.

Hozi na waya wake ninavyo. Atakayetaka kuvikagua aje Dunga, na azungumze na mimi.

Wako,
Mwenye boti,
Dunga, Kisumu.